Jora kwa jora: kukagua rangi ya kitambaa kabla ya kukata

Shati limeshonwa vizuri, lakini ukilisimamia mwangani mkono mmoja umepauka kuliko kifua. Ukirudi kwenye kumbukumbu za ukaguzi, majora yote mawili yaliyotumika yalipita. Na kweli yalipita. Jora la kwanza lilikuwa limekolea kidogo kuliko sampuli, la pili limepauka kidogo kuliko sampuli. Tuseme kila moja lilikuwa mbali na sampuli kwa delta-E, yaani namba ya umbali kati ya rangi mbili, ya 0.9, na kikomo mlichokubaliana ni 1.0. Kwa kuwa yameelekea pande zinazopingana, baina yao yenyewe pana karibu 1.8, na tofauti hiyo inakaa hapo hapo kwenye mshono wa bega, nguo kwa nguo, bila nafasi ya kulidanganya jicho.

Ndiyo maana kulinganisha jora na sampuli peke yake hakutoshi. Lazima majora yalinganishwe yenyewe kwa yenyewe.

Kata kipande cha upana mzima wa kitambaa, chenye urefu wa sentimita 15 hivi, mwanzoni mwa kila jora, na kingine mwishoni. Kiandike namba ya jora na alama ya mshale kuonyesha uelekeo wa urefu. Kabla hujakikata vidogo, kikunje ukingo wa kushoto ufike katikati, kisha wa kulia nao ufike katikati. Ukiona mstari pale vinapokutana, rangi haiko sawa upande kwa upande. Mara nyingi chanzo ni rola za kukamulia zinazobana katikati kuliko pembeni, au joto la kikaushio lisilolingana. Kasoro hii ni mbaya kuliko inavyoonekana, maana hata ukikata nguo nzima kutoka jora moja bado kola iliyotoka pembeni itapishana na mgongo uliotoka katikati. Tofauti ya mwanzo na mwisho wa jora nayo ina asili yake: katika utiaji rangi wa mfululizo, kitambaa kikiivuta rangi kwa haraka kuliko inavyoongezwa kwenye beseni, mita za mwanzo hukolea na zinazofuata hupauka polepole.

Usikague kitambaa kilichotoka tu kwenye kikaushio au pasi. Joto na unyevu hubadilisha rangi, hasa kwenye pamba, na baadhi ya rangi nyekundu na za kijani huhama waziwazi zikipoa. Hali ya kawaida ya maabara ni nyuzi 20 za Selsiasi na unyevunyevu wa hewa asilimia 65. Kiache kitambaa kipumzike humo saa kadhaa. Jora likikaguliwa la moto na jingine la baridi, unapima joto, hupimi rangi.

Kuhusu mwanga, dirisha halifai. Mwanga wa asubuhi si wa saa tisa alasiri, na wingu likipita hukumu inabadilika. Tumia kisanduku cha taa chenye kuta za kijivu zisizong'aa. Taa kuu ni D65, inayoiga mwanga wa mchana kwa kelvini 6500. Kisha badili uende kwenye A, taa ya manjano ya kelvini 2856 inayofanana na balbu ya waya, na TL84, mwanga wa maduka wa kelvini 4000 hivi. Weka vipande viwili bega kwa bega, vigusane bila kuacha pengo, uelekeo wa mishale ukiwa mmoja, na uvitazame kwa pembe ya nyuzi 45. Amua katika sekunde chache za mwanzo. Ukikazana kutazama, jicho linazoea na tofauti inayeyuka. Ukitoka kwenye nyekundu kali, pumzisha macho kwenye ukuta wa kijivu kwanza.

Vipande vikilingana chini ya D65 na kupishana chini ya A, vilitengenezwa kwa mchanganyiko tofauti wa rangi. Kijivu, kaki na bluu ya bahari ndizo zinazosumbua zaidi. Hapa fundi rangi asiongeze tone hili wala lile. Dawa ni kurudi kwenye rangi zile zile zilizotumika kwenye sampuli.

Mashine ya kupimia, spektrofotomita, inasaidia sana ikilishwa vizuri. Kunja kitambaa tabaka nne. Chembamba kiongezewe mpaka namba isibadilike tena, la sivyo unapima pia kilicho nyuma yake. Pima mara nne, kila mara ukizungusha nyuzi 90, uchukue wastani. Kisha usiishie kwenye delta-E. Inasema umbali tu, haisemi upande. Soma L (weupe na weusi), a (wekundu na kijani) na b (manjano na bluu). Kijivu kilichohama kuelekea wekundu au kijani huchukiza macho kabla ya kile kilichopauka tu kwa namba ile ile, na CMC 2:1, fomula mojawapo ya kukokotoa delta-E, hulizingatia hilo kwa kulegeza upande wa weupe na weusi. Mahameli na kodrai visipopigwa brashi upande mmoja hutoa namba za ovyo.

Anayehukumu kwa macho naye apimwe. Takriban mwanamume 1 kati ya 12 ana upungufu wa kutofautisha rangi, na wengi hawajijui. Jaribio la Farnsworth-Munsell lenye vifuniko 85 vya kupangwa humwonyesha.

Sasa panga vipande vyote kutoka kilichopauka mpaka kilichokolea, uvigawe makundi. Kundi moja, mpango mmoja wa kukata. Yakibidi majora mawili kwenye meza moja, weka karatasi kati ya tabaka zao na bandika namba kwenye kila kipande, ili mfuko, mkono na kola vitoke jora moja na mwili. Kitambaa kitakachofuliwa baada ya kushonwa, kama cha jinzi, shona kwanza vipande vya majora yote viwe blanketi moja, ukifue kama nguo zenyewe zitakavyofuliwa, ndipo ugawe makundi. Majora yaliyofanana kabla ya maji huachana baada yake.

Sampuli ya msingi yenyewe huchakaa kwa mwanga na vidole. Ikate mara mbili, nusu ibaki kwenye bahasha nyeusi kabatini, nusu itumike mezani, na uzikutanishe kila baada ya wiki chache. Zikianza kupishana, ya mezani inatupwa.