Dola 200 kwa uniti, halafu?

Wiki tatu zilizopita mzee, namaanisha bosi wangu, aliniwekea mezani profoma, yaani karatasi ya bei ya muuzaji, ya betri. Siyo ya gari wala ya sola ya nyumbani, ni makontena mawili ya futi 20 ya kufungwa pale kiwandani pamoja na sola, jumla megawati-saa 10, yaani yanajaa uniti elfu kumi hizi hizi za Luku. Bei dola 200 kwa kila uniti ya ujazo, kwa hiyo milioni 2. Akaniuliza, "kijana, hapa tunapigwa au hatupigwi?" Sikuwa na jibu, na tangu siku ile nimekuwa nalichimba hili jambo kila jioni.

Ukiingia mtandaoni utaona tunapigwa. Kwa hesabu za BloombergNEF, watafiti wa masoko ya nishati, paki ya lithiamu (yaani betri tupu, bila vifaa vya kuifunga) mwaka 2010 ilikuwa inazidi dola 1,000 kwa uniti, 2024 wastani ukashuka hadi 115. Sasa 200 inatoka wapi? Inatoka hapa: paki ni paki tu. Angalia ile betri ya Hornsdale kule Australia Kusini iliyowashwa 2017, Elon Musk wa Tesla, walioiuza, alitaja hadharani dola 250 za paki kwa uniti, betri ina uniti laki 1 na elfu 29, ukizidisha unapata kama milioni 32. Mradi wenyewe uliripotiwa kugharimu kama milioni 90 za Australia, ambazo kwa dola za Marekani wakati ule ni karibu milioni 70. Mara mbili na zaidi jamani.

Nikarudi kwenye profoma yetu kuisoma vizuri. Inveta zimo, lakini transfoma, zege, nyaya za kuunganisha na gridi, bima, kreni, vyote havimo. Na kontena moja la aina hii linapita tani 40, kwa hiyo hata ile barabara ya vumbi ya kuingilia kiwandani ni gharama, mvua za masika si mnazijua.

Halafu uniti zenyewe. Elfu kumi ni za kwenye karatasi, wauzaji wenyewe wanashauri tutumie elfu tisa ili betri isichoke mapema. Ukiingiza uniti 100 utatoa kama 85, zile 15 umeshazilipia na zimeishia kwenye joto na feni za kupoozea. Na kila mwaka ujazo unapungua, kwa hiyo nimewaandikia wanipe jedwali la waranti la mwaka kwa mwaka, hadi leo wananiambia "betri inadumu miaka 15", hilo sio jibu, inadumu ikiwa imebaki asilimia ngapi?

Ila kilichonishtua kuliko vyote ni riba. Chukua mkopo wa milioni 2 kwa miaka 15. Kwa riba ya asilimia 5 unarudisha kama milioni 2.9. Kwa asilimia 15, ambayo kwetu huku siyo ajabu, unarudisha milioni 5.1!! Betri ile ile, kiwanda kile kile cha China, sisi tunalipa riba ya milioni 3 juu ya kitu cha milioni 2. Hili linaniumiza kweli, kwa sababu sisi ndio tunaolihitaji jua kuliko wengi, na watu wanagombana na muuzaji kupunguza dola 10 kwa uniti wakati hela kubwa inavujia benki.

Nikagawanya. Kwa mkopo ule wa asilimia 15, tukitoa uniti elfu tisa kila siku, mwaka wa kwanza kila uniti imebeba kama senti 10 za dola za mkopo, bado hujaweka umeme wa kuchajia. Tukiitumia leo, kesho imekaa tu, inakuwa senti 21. Jenereta letu linakula kama theluthi ya lita ya dizeli kwa uniti, kwa hiyo betri bado inalishinda, mradi ifanye kazi kila siku ya Mungu.

Jumatatu namrudishia mzee majibu. Muuzaji nitamwambia asubiri kwanza, tunaanza na benki, tena sio moja, na ile mifuko ya mikopo ya nishati safi pia tuigongee mlango.