Kumaliza Starlet ya tabo kwa milioni 2.4: nilichotanguliza na nilichokiacha

Gari ni Toyota Starlet Glanza yenye injini ya 4E-FTE, ya tabo, yaani pangaboi linalozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia hewa zaidi: silinda nne, cc 1331, mgandamizo wa 8.2 kwa 1, farasi 135 ilipotoka kiwandani. Boliti za boneti na milango zimeshafungwa, injini imekaa mahali pake, ila ilikuwa haijawaka muda mrefu na nusu ya mipira yake imekauka. Nilipoandika kila kilichokosekana nikapata vitu 31. Kwa bei za maduka ya mjini Unguja na za Gerezani, Dar es Salaam, jumla ilipita milioni 5. Mkononi nilikuwa na milioni 2 na laki 4.

Orodha sikuipanga kwa bei, wala kwa kinachoongeza mbio. Kila kitu nilikiuliza swali moja: hiki kikifa, kinakwenda na nani? Valvu ya PCV, inayotoa mvuke kwenye tumbo la injini, ni kijidude cha elfu 25. Ikikwama wazi, hewa ya tabo inaingia kwenye tumbo la injini, presha inasukuma sili za kranki na kuzuia oili ya tabo isirudi chini, na mwenye gari anaanza kutafuta tabo nyingine wakati tabo haina kosa. Intakula kubwa, yaani kipoza hewa ya tabo, ni laki 6, na ikikosekana gari haifi. Basi PCV ikakaa juu na intakula ikashuka mpaka mwisho wa karatasi.

Kabla ya kununua hata oringi moja, nilipima. Kompresheni kwanza, yaani presha ambayo kila silinda inaibana hewa: plagi zote nne nje, mafuta na umeme wa plagi vimekatwa, mtu amekanyaga mafuta mpaka chini, betri imejaa. Silinda zote zilisoma kati ya psi 145 na 152. Tofauti hiyo ni ndogo. Wasiwasi huanza pale moja inapozidiwa na wenzake kwa zaidi ya asilimia 10. Ikitokea hivyo, tia kijiko cha chai cha oili ndani ya hiyo silinda iliyo chini, upime tena. Namba ikipanda ni ringi. Isipopanda ni valvu au gasketi ya hedi. Halafu nikashusha sampo, yaani karai la oili chini ya injini, na kufungua metali (beringi) za konrodi mbili: rangi ya kijivu, hakuna shaba iliyojitokeza. Vipimo hivyo viwili viliondoa kwenye orodha ringi, metali na kazi yote ya mashineni, karibu milioni na nusu. Sijui kwa nini watu wengi hununua pistoni kabla ya kuazima geji.

Tabo nayo hupimwa kwa vidole. Shafti ikicheza kidogo kushoto na kulia si ugonjwa, kwa sababu beringi yake huelea juu ya oili na hapo ilikuwa kavu. Ikicheza ndani na nje, au pangaboi likikwaruza nyumba yake, hiyo ndiyo imekwisha. Yangu ilipona.

Fungu la kwanza, laki 7 na elfu 80, likaenda kwenye oili, maji na taimingi. Mkanda wa taimingi na tenshona yake, pampu ya maji, sili ya mbele ya kranki na sili ya kemu nilivinunua siku moja, kwa kuwa vyote viko upande ule ule wa injini na hakuna haja ya kuufungua mara mbili. Bomba linalopeleka oili kwenye tabo nililibadilisha bila kujadiliana na nafsi: ndani yake oili huungua ikawa makaa, na kipande kimoja kikikatika tabo inakosa oili kwa dakika chache tu, nazo zinatosha. La kurudishia nililisafisha, nikahakikisha linateremka moja kwa moja bila kupinda na linaingia sampo juu ya usawa wa oili. Gasketi zake ziwe za karatasi au chuma. Silikoni hapo ni adui. Inayobaki ndani hukatika na kuziba tundu.

Kwenye maji tuna tatizo letu wenyewe. Visima vyetu vimechimbwa kwenye jiwe la matumbawe, maji yana chokaa, na birika la chai linaonyesha kila siku chokaa hiyo inachofanya ikichemka. Ndani ya rejeta ni vivyo hivyo. Nilitumia maji yaliyotoneshwa na kuleanti theluthi moja. Baridi ya kugandisha hatuna, kwa hiyo kazi kubwa ya kuleanti hapa ni kuzuia kutu, na nusu kwa nusu ni kutupa pesa. Mfuniko wa rejeta nao ulikuwa mpya, wa bar 0.9. Presha hiyo inapandisha kiwango cha maji kuchemka mpaka karibu nyuzi 118. Mfuniko uliolegea unarudisha 100, na foleni ya Darajani mwezi wa Februari itakumalizia kazi.

Fungu la pili ni petroli na moto wa plagi, laki 5 na elfu 20. Hesabu yake si ngumu. Farasi 150 wa injini ya tabo, juu kidogo ya wale wa kiwandani, hunywa takriban kilo 41 za petroli kwa saa, sawa na lita 55. Gawa kwa nozeli nne zinazopuliza petroli, kisha acha nafasi ili nozeli isibaki wazi zaidi ya asilimia 85 ya muda: kila moja itahitaji kama cc 270 kwa dakika. Nozeli za asili za injini hii zinaifikisha kazi hiyo, kwa hiyo nililipia kusafishwa na kupimwa tu, na oringi mpya.

Pampu ndiyo iliyonishtua. Nilichomoa mpira wa kurudishia mafuta tangini, nikauelekeza kwenye chupa, nikaiwasha pampu kwa sekunde 30. Fanya hivi nje, na zimamoto iwe karibu. Ilitoa mililita 600, yaani lita 72 kwa saa, na hapo boosti, presha ya hewa ya tabo, bado. Regulata ya injini ya tabo hupandisha presha ya petroli sambamba na boosti, na kila presha inapopanda pampu hutoa mafuta machache zaidi. Huko juu, ambako mafuta yanatakiwa sana, yangepungua. Mchanganyiko ukikosa petroli injini inagonga, na pistoni hupasuka kwenye ukingo wa ringi. Nilinunua nyingine na kuipima kwa chupa ile ile: zaidi ya lita moja kwa sekunde 30. Na muuzaji tulikubaliana kabla sijatoa pesa kwamba isipofika kipimo inarudi, kwani zenye maboksi mazuri na pampu dhaifu ndani ziko tele.

Plagi nilizibana mwanya hadi milimita 0.8, filta ya petroli mpya, basi.

Petroli yenyewe iliamua jambo jingine. Tabo hizi Japani zilipimwa kwa petroli yao ya daraja la juu, ambayo oktani yake, yaani uwezo wa kuzuia injini kugonga, haishuki chini ya 96. Ya pampu iliyo karibu na wewe usiikadirie kwa macho. Kwa hiyo boosti niliiacha ya kiwandani.

Mipira na gasketi za tabo, laki 3 na elfu 10, ndiko gari nyingi hulala miezi. Si injini inayokosekana. Ni gasketi ya kiwiko cha tabo au mpira wa milimita 8. Spea za kawaida za Starlet mjini hazina shida, lakini vya tabo vinatoka ng'ambo ya maji. Ukiagiza kimoja kimoja, nauli ya boti na wachukuzi inazidi bei ya kitu. Nilitandaza vyote mezani, nikapima kipenyo cha ndani kwa kalipa, nikapiga picha na rula pembeni, nikaagiza mzigo mmoja. Usafiri wote ulikula elfu 90.

Kutafuta uvujaji nilitengeneza kifaa kwa kofia ya bomba la PVC kutoka duka la vifaa vya ujenzi na vali ya tairi kutoka kwa fundi pancha. Toboa kofia, pitisha vali, ifunge kwa klipu kwenye mdomo wa tabo, jaza upepo psi 10, paka maji ya sabuni kila kiungo. Usizidishe, kofia inaruka kama risasi. Ukisikia upepo kwenye tundu la kujazia oili, zungusha kranki kidogo kwa spana kwanza. Huenda ni silinda ambayo valvu zake ziko wazi na upepo unapenya ringi. Nilikuta mivujo minne, mmoja chini ya klipu mpya kabisa. Injini hii hupima hewa kwa presha ya manifodi, kwa hiyo uvujaji mdogo hauiharibu sana hesabu ya petroli na gari huendesheka. Lakini tabo inazunguka kwa nguvu zaidi kufidia, na umri wake unapungua kimyakimya.

Breki zilichukua laki 4 na elfu 30: pedi, diski za mbele, mafuta ya DOT 4, na vipande viwili vya bomba la chuma vilivyoliwa na kutu chini ya vishikizo, mahali chumvi hukaa na macho hayafiki. Geji za presha ya oili na boosti, laki 1 na elfu 60. Kipimo cha mchanganyiko wa hewa na petroli niliazima.

Ekzosti pana niliiacha kwa makusudi. Moshi ukitoka kirahisi, tabo ndogo inaweza kupandisha boosti kupita kiasi bila wewe kugusa kitu. Rimu, rangi na vali ya kupuliza nje hazikuhitaji hata mjadala. Badala ya intakula kubwa, nilichonga sponji kutoka kwa fundi wa makochi ikaziba nafasi kati ya tundu la boneti na intakula ya juu, upepo upite ndani ya mapezi badala ya pembeni.

Akiba ya laki 1 na elfu 10 iliishia kwenye stadi (boliti zisizo na kichwa) tatu za manifodi zilizokatika kwa kutu. Mpya nilizipaka grisi ya shaba.

Siku ya kuwasha, petroli na umeme wa plagi vilikatwa kwanza na stata ikazungushwa sekunde 10 kwa 10, zikiwa na mapumziko, mpaka geji ya oili ikanyanyuka. Ndipo vyote viwili vikarudishwa. Baada ya dakika 15 za kunguruma gari ikiwa imesimama nilizima, ikapoa, nikakaza klipu zote upya. Kutoka Fuoni kwenda Tunguu kipimo kilisoma sehemu 11.7 za hewa kwa moja ya petroli boosti ikiwa juu, na karibu 14.7 mwendo wa kawaida. Kwenye kilomita 500 nilimwaga oili na kuipasua filta kwa msumeno: karatasi safi, hakuna chembe za kung'aa. Kinachofuata kununuliwa ni kipimo changu mwenyewe cha mchanganyiko, na ekzosti nyuma yake.