Soriasisi haiishii kwenye ngozi, pimeni na ini

Kama una ndugu mwenye soriasisi, yale mabaka mazito yenye magamba meupe viwikoni, magotini na kichwani, naomba usome hii, maana watu wanahangaika na krimu miaka na miaka wakati shida nyingine iko ndani.

Kaka yangu yuko Mafinga, anafanya kazi za mbao, na baridi ya kule mwezi wa sita wa saba mnaijua, hata ngozi nzima inapasuka. Yeye nguo nyeusi alishaacha kuvaa, magamba yanajaa mabegani kama pumba. Mtaani wengine wanasema fangasi, wengine karogwa. Jamani sio fangasi na haiambukizi, kuleni naye sahani moja. Ni kinga ya mwili inaichochea ngozi, seli ambazo kawaida zinachukua kama mwezi kukua na kupukutika zinafanya hivyo ndani ya siku chache, ndo zinarundikana.

Sasa tulivyofika kwa daktari wa ngozi, akatoa futi kamba akampima kiuno kabla hata hajamwambia avue shati, alafu presha, sukari, mafuta kwenye damu, ini. Akatueleza kwamba kemikali zinazochochea ngozi zinazunguka mwili mzima, ndo maana wenye soriasisi wanapata zaidi kisukari, presha, magonjwa ya moyo na mafuta kwenye ini, hata asiyekunywa pombe. Na ini lenye mafuta mara nyingi haliumi, utalijulia kwenye vipimo tu. Kwa mwenye uzito mkubwa, akipungua na ngozi nayo inapata nafuu.

Akamwandikia methotreksati. Hapa naomba mnisikilize sana, hii dawa ya soriasisi inamezwa MARA MOJA KWA WIKI, sio kila siku, ukimeza kila siku inaweza kukuua kabisa. Chagueni siku moja, iandikeni kwenye pakiti. Unapewa na foliki asidi, vitamini ya kupunguza madhara ya dawa hiyo, unapima damu na ini kabla ya kuanza na unaendelea kupima, na mjamzito haruhusiwi kabisa.

Kaka akauliza, "Hata ulanzi dokta? Si maji ya mianzi tu yale?"

"Ulanzi ni pombe kaka yangu. Ini lako lina mafuta tayari, nakupa na dawa inayolichosha, alafu uongeze na ulanzi?"

Kaka kimya. Ila ameacha, na nampongeza hapa hadharani maana kwa watu wa Mafinga msimu wa ulanzi kukaa bila kugusa sio mchezo.

Na wale wanaokimbilia sindano au vidonge vya steroidi, zile dawa kali za kutuliza uvimbe, ili ngozi itakate haraka, ukiacha inaweza kulipuka vibaya kuliko mwanzo. Krimu ya steroidi aliyoandika daktari ni kitu kingine, hiyo paka kama alivyosema, na mafuta mazito ya mgando ukitoka kuoga.

Alafu ukiona vidole vimevimba au vinakakamaa asubuhi usiseme ni baridi ya Makambako, rudi hospitali, soriasisi inaingia na kwenye viungo, na kiungo kikishaharibika hakirudi.