Siku moja maishani mwangu: Corolla iliyochemka Kitonga

Saa 12:45 asubuhi nilifika gereji, hapa Ipogolo, Iringa, nikamkuta kijana ninayemfundisha kazi ametii agizo la jana: hakuliwasha gari la mwalimu. Injini inayolalamikiwa kuchemsha huanza kuchunguzwa ikiwa imepoa kabisa, maana kifuniko cha rejeta (kifaa kinachopoza maji ya injini) yenye moto hakifunguliwi na mtu anayeipenda ngozi yake, na pia kuna dalili zinazoonekana katika ubaridi tu.

Gari hilo ni Toyota Corolla ya mwaka 1998 yenye injini ya 5A-FE, na mita yake inasoma kilomita 318,000. Mwenyewe, mwalimu mstaafu, alikuwa akipandisha mlima wa Kitonga na magunia ya vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni pale mshale wa joto ulipofika kwenye nyekundu na mvuke ukaanza kutoka chini ya boneti. Fundi wa kwanza aliyemwendea alimwambia kwamba gasketi ya hedi (kizibo kati ya hedi, yaani kichwa cha injini, na bloku) imekufa na hedi ishushwe ikachongwe, na alimwambia hayo bila kupima chochote. Jambo hili huniumiza, kwa kuwa hedi ikishafunguliwa bure, gharama haimrudii mwenye gari.

Saa 1:20 mwalimu aliwasili.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, fundi. Umeamkaje?"

Nilimuuliza kwanza kama gari huchemka likiwa limesimama au likiwa linapanda. Alijibu kwamba mjini halimsumbui, ila likipewa mlima na mzigo ndipo joto hupanda. Jibu hilo lilinipa mwelekeo: feni ikiwa mbovu, gari huchemka kwenye msongamano na hupoa likipata upepo wa mwendo, lakini likichemka mlimani, shaka huhamia kwenye mzunguko wa maji wenyewe, yaani rejeta, pampu na themostati, ile vali inayofungua njia ya maji injini ikipata moto. Nikamuuliza tena mshale huchukua muda gani kupanda asubuhi. "Siku hizi unachelewa sana, fundi, tangu waliponitengenezea mwaka jana." Nililiandika neno hilo kwenye daftari.

Saa 2:00 nilifungua kifuniko. Mpira wake ulikuwa umekakamaa na kupasuka, na maji ya ndani yalikuwa na rangi ya kutu, maana kwa miaka mingi yalijazwa ya kisima peke yake. Hapa Iringa tuko takriban mita 1,550 juu ya usawa wa bahari, na maji yaliyo wazi huchemka karibu nyuzi 95, si 100 kama Dar es Salaam. Kifuniko kizima cha bar 0.9 huongeza presha ndani ya rejeta hadi maji yaweze kuvumilia nyuzi zaidi ya 110 bila kuchemka. Kifuniko kikivuja, injini ambayo kwa kawaida hufanya kazi karibu na nyuzi 90 hubakiwa na nafasi ndogo mno kabla ya maji kugeuka mvuke. Kwa hiyo, kwa gari la nyanda za juu, kipande hicho kidogo kina uzito kuliko watu wengi wanavyodhani.

Kifuniko peke yake hakikunitosheleza; ilibidi nijue pia kama gasketi ya hedi ni nzima. Niliangalia oili, haikuwa na weupe wa maziwa unaoonyesha maji yameingia. Nilifunga pampu ya kupimia presha ya rejeta, nikaiacha dakika 15, na mshale wake haukushuka. Nilitoa plagi zote, nikapima mgandamizo wa kila silinda: ya juu ilisoma psi 160 na ya chini 154, yaani zinakaribiana. Tulipowasha injini mdomo wa rejeta ukiwa wazi, hapakuwa na mapovu ya gesi ya silinda ndani ya maji. Kufikia hapo nilimwambia mwalimu kwamba hedi yake haiguswi.

Saa 3:40, injini ikiwa na moto, nilichomoa waya wa swichi ya joto ya feni. Feni ikazunguka mara moja, kama inavyopaswa katika Toyota za umri huo, nikairudishia. Kisha nilipitisha kipimajoto cha mionzi juu ya uso wa rejeta. Upande wa hosi ya juu ulikuwa wa moto, lakini sehemu kubwa ya chini kulia ilikuwa baridi, ishara kwamba maji hayapiti humo.

Tulisubiri ipoe, na saa 5:00 nikafungua nyumba ya themostati. Ilikuwa tupu. Ndiyo maana mshale ulichelewa asubuhi. Mafundi wengi huitoa wakiamini kwamba maji yatapita kwa wingi zaidi, lakini katika injini hii themostati ina vali ya pili inayoziba njia ya mkato pale injini inapopata moto. Ukiiondoa, njia hiyo hubaki wazi, na sehemu ya maji ya moto huzunguka na kurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiongeza mirija iliyoziba na kifuniko kilichopasuka, Kitonga haipandiki.

Rejeta ilipelekwa kwa fundi wa rejeta mjini ikazibuliwa, ikarudi saa 9:00. Wakati huo nilikuwa na themostati mpya ndani ya sufuria ya maji jikoni, pamoja na kipimajoto: ilianza kufunguka kwenye nyuzi 82, na maji yalipochemka ilikuwa wazi kabisa. Mimi hupima hata iliyo mpya.

Saa 10:15 tulijaza nusu kulanti (dawa ya kupozea injini) na nusu maji safi, tukatoa hewa, tukafunga kifuniko kipya. Nilipakia mifuko minne ya saruji, nikapanda mlima wa kuingia mjini mara tatu mfululizo kwa gia ya pili. Mshale ulikaa chini kidogo ya nusu, haukusogea.

Saa 12:00 jioni mwalimu alitaka kuondoka na gari lake. Nilimwomba aliache hadi kesho, kwa sababu nataka kukiona kiwango cha maji asubuhi, likiwa limepoa.