Mtoto Asiyelia: Yaliyonifaa Katika Leba ya Mufindi

Kila ninapoisimulia habari hii, swali la kwanza ninaloulizwa, hata na watu wa kada yangu, ni sindano gani tuliyomchoma yule mtoto aliyezaliwa bila kupumua. Hatukumchoma sindano yoyote. Dripu hatukumwekea, na oksijeni hatukuwa nayo usiku ule, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika tangu jioni na mashine ya oksijeni bila umeme ni kabati tu. Tulikuwa na hewa hii hii tunayoivuta sote, pamoja na pampu ya mkono ya kumpulizia mtoto hewa, ambayo sisi wauguzi tunaiita ambu, na maski yake ndogo. Nimeamua kuandika kwa sababu nimechoka kuwasikia watu wenye vyeti vyao wakisema kwamba mtoto aliyezaliwa bila kupumua ni wa hospitali ya rufaa, wakati hiyo rufaa kwetu ni mwendo wa saa kadhaa katika barabara ya vumbi au tope, na mtoto mwenyewe ana dakika chache tu.

Mimi ni muuguzi mkunga, mwanamume, na kituo chetu cha afya kiko Mufindi, upande wa mashamba ya chai. Nautaja uanaume wangu kwa sababu bibi wanaowasindikiza binti zao leba hunitazama kwanza viatu, kisha uso, kisha huuliza nesi yuko wapi. Baada ya hapo wote huniita Dokta, nami nimekwisha kuacha kuwasahihisha.

Nilipoanza kazi, katika zahanati ambayo sitaitaja, nilimpokea mtoto aliyetoka mlegevu kama kitambaa kilichoroweshwa. Niliyekuwa naye zamu alikuwa mkongwe wa kazi, nami nilimheshimu kama mama yangu. Aliniambia nimshike miguu, nimning'inize kichwa chini na kumpiga makalio, nikafanya hivyo. Akammwagia maji baridi kifuani. Akaniambia nifyonze puani na kooni, kisha nifyonze tena, nami nikafyonza kwa utiifu wote wa kijana anayeogopa kukosea mbele ya mkubwa wake. Ambu ilikuwa kabatini, ndani ya mfuko wake, haijafunguliwa tangu ilipoletwa. Mtoto yule hakupumua, na hapo sitapenda kurefusha.

Nililolielewa baadaye ni kwamba mapafu ya mtoto aliye tumboni yamejaa majimaji, na ni hewa yenyewe ya kwanza inayoyasukuma majimaji hayo yaondoke. Mtoto aliyekosa oksijeni kwa muda huacha kuvuta pumzi, kisha mapigo ya moyo wake huanza kupungua, na hakuna kofi linaloingiza hewa kwenye pafu. Kufyonza kwa kina kooni huweza hata kuushusha moyo zaidi. Kumbe tulikuwa tukimwadhibu mtoto kwa kosa la kukosa hewa, badala ya kumpa hewa.

Ushauri wa pili mbovu niliopewa, na huu ulitolewa kwa sauti ya kitaalamu, ulikuwa wa kusubiri alama za apga kwanza. Virginia Apgar, daktari wa usingizi wa Marekani aliyebuni alama hizo mwaka 1952, aliziweka zipimwe mtoto akishatimiza dakika moja, na siku hizi tunazirudia katika dakika ya 5. Ni kipimo cha kueleza hali ya mtoto, wala si kengele ya kuanzia kazi. Sisi tulifundishwa kwamba mtoto asiyepumua anatakiwa awe ameanza kupewa hewa kabla dakika ya kwanza haijaisha, ile wanayoiita dakika ya dhahabu. Ukikaa kuhesabu alama, dhahabu yako umeshaimaliza.

Mafunzo niliyoyapata ni yale ya kuwasaidia watoto kupumua, yaliyoanza kujaribiwa nchini mwaka 2009. Matokeo ya hospitali 8 za Tanzania yalichapishwa mwaka 2013, yakionyesha kwamba vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Niliambiwa pia kwamba katika watoto 100, wapatao 10 huhitaji kusaidiwa kuanza kupumua, wengi wao kwa kukaushwa na kusuguliwa mgongo tu. Wanaohitaji ambu ni 3 hadi 6, na wanaohitaji makubwa zaidi ya hapo hawafiki hata 1. Nilipozisikia hesabu hizo niliingia darasani kifua mbele, nikijiona nimekuja kuthibitisha tu ninachokijua.

Tulifundishiwa mwanasesere wa mpira anayejazwa maji, ambaye mkufunzi humwendesha mapigo ya moyo na pumzi kwa kubana vipira viwili vilivyounganishwa kwa mirija. Nilimweka maski, nikaanza kubana ambu huku nikihesabu kwa sauti ya mwalimu wa gwaride. Nilibana mara 20 na zaidi, jasho likinitoka katika baridi ile. Wenzangu walikuwa kimya, nami nikaudhani ukimya ule ni heshima. Mkufunzi, dada mmoja mpole, aliacha kubana kipira cha moyo akasema, "Kaka, mtoto wako amefariki. Ulikuwa unaupulizia ukuta." Kifua cha mwanasesere hakikuwa kimenyanyuka hata mara moja, hewa yote ilikuwa ikivuja pembeni ya maski, upande wa shavu la kushoto, na kama ningeinamisha macho ningeona.

Kosa langu lilikuwa la nguvu. Nilikuwa nikiikandamiza maski usoni kama fundi anayebandika kiraka kwenye mpira wa baiskeli, na kadiri nilivyokandamiza ndivyo kidevu kilivyoshuka na njia ya hewa ikajifunga. Kinachotakiwa ni kinyume chake: dole gumba na kidole cha shahada vinaishika maski kwa wepesi kwa kuizunguka juu, na vidole vingine vinaingia chini ya mfupa wa taya na kuinyanyua taya ije kwenye maski. Maski yenyewe ifunike kidevu, mdomo na pua, isiguse macho. Ilinichukua mchana mzima kuvielekeza vidole vyangu, na jioni kidole changu cha mwisho kilikuwa na mkakamao kama cha mchuma chai.

Tuliporudi kituoni, mwanasesere tuliyepewa alifungiwa kabatini asiharibike, ufunguo ukakaa kwa mkubwa wetu ambaye alikuwa safarini nusu ya mwezi. Nililalamika mpaka nikaonekana mkorofi. Huko hospitali ya Haydom, kaskazini mwa Tanzania, walishaonyesha kwamba mafunzo ya siku moja yaliwafanya wahudumu wafanye vizuri mbele ya mwanasesere, lakini kazi yao kwa watoto halisi haikubadilika, mpaka walipoanza mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini. Hoja hiyo ndiyo iliyoufungua mlango wa kabati. Sasa mwanasesere analala juu ya kaunta ya leba, na anayeingia zamu humpumulisha dakika chache kabla ya kunywa chai. Mimi humjaza maji ya uvuguvugu, kiasi cha lita 2, kwa sababu akiwa wa baridi mikono yetu humkataa; akiwa na joto na uzito ule, hata mhudumu wetu mcheshi huacha mzaha.

Usiku ninaouzungumzia ulikuwa wa mwezi wa sita, msimu ambao kwetu nyasi huamka na barafu nyeupe na chumba cha kujifungulia huwa kama shimo la kuhifadhia viazi. Mtoto mwenye baridi ni mgumu kumwamsha, kwa hiyo nina ujanja wangu ambao nauonea fahari kuliko cheti changu. Nilinunua mnadani, kwa shilingi elfu kumi na kitu, mataulo mepesi ya mtumba, na nina dumu la lita 5. Mama akikaribia, tunalijaza dumu maji ya moto kutoka jikoni, tunaliviringisha ndani ya mataulo na kanga za mama, kisha tunaliweka juu ya meza ya mtoto. Mtoto akikaribia kutoka, dumu linaondoka na joto linabaki. Nasisitiza kwamba dumu linaondolewa, kwa maana nimewahi kusikia mahali ambapo chupa ya moto iliachwa ubavuni mwa mtoto ikamuunguza.

Jambo jingine nililolifanya jioni ile ni kuijaribu ambu, na hapa ndipo nilipokaribia kuumbuka. Unaziba tundu la mbele kwa kiganja, unabana. Valvu ya usalama inatakiwa ifunguke kwa mlio mdogo. Nilibana, hapakuwa na mlio wala ugumu wowote, pampu ikanywea kama chapati. Niliifungua na kukuta kile kipira chembamba chenye mdomo kama wa bata hakimo. Waliokuwa zamu ya mchana walikuwa wameiosha, wakaichemsha na kuiunganisha tena vizuri kabisa, pasipo moyo wake. Tulikitafuta kwenye beseni, kwenye ndoo ya taka, mpaka chini ya kitanda kwa tochi ya simu, huku mama akituuliza kati ya uchungu na uchungu tumepoteza pete ya nani. Nilikikuta kimenata kwenye kitako cha sufuria ya kuchemshia, rangi moja na magadi yaliyoganda pale. Kama nisingeijaribu ambu saa moja jioni, ningekuja kuyajua hayo saa saba usiku, mtoto akiwa mezani.

Saa saba usiku mtoto alitoka, maji yake ya kijani kwa choo chake cha kwanza, hakulia. Bibi yake, ambaye hapo mwanzo alikuwa ameniuliza nesi yuko wapi, ndiye aliyeshika tochi. Nilimkausha mtoto juu ya tumbo la mama yake, nikatupa taulo bichi, nikamsugua mgongo; hakuna kitu. Nilifunga na kukata kitovu nikamhamishia mezani. Ule ukijani haukunifanya nimfyonze, kwa kuwa mdomo wake ulikuwa mtupu. Nilimlaza kichwa kikiwa kimeinuka kidogo kama mtu anayenusa mchuzi jirani, nikaweka maski, nikabana.

Kifua hakikunyanyuka.

Sitadai kwamba sikuogopa. Mkono ulitaka kukandamiza, ule ugonjwa wangu wa darasani. Niliinua maski nikaiweka upya, bado. Ndipo nilipoona kwamba kanga niliyoikunja chini ya mabega ilikuwa nene mno, kichwa kimepinduka nyuma na shingo imejikunja kama mpira wa maji uliopindwa. Niliichomoa kanga, nikanyoosha kichwa, nikaona ute umejitokeza mdomoni, nikaufyonza kwa kifyonzio cha mpira mara moja tu, nikaufungua mdomo kidogo na kubana kwa nguvu kidogo zaidi. Kifua kikanyanyuka. Bibi alikiona kabla yangu, maana tochi ilitikisika.

Kuanzia hapo ni mwendo mmoja: "pumua, mbili, tatu, pumua, mbili, tatu," unabana kwenye neno la kwanza na kuachia kwenye mengine, upate kama pumzi 40 kwa dakika. Mhudumu aliushika mzizi wa kitovu, akahesabu mapigo kwa sekunde 6 akapata 8, ambayo ukizidisha kwa 10 ni 80, na tunayoyataka ni zaidi ya 100. Nikaendelea. Mtoto akavuta pumzi moja kubwa ya kwikwi, na bibi akasema, "Amepona, Dokta, mwache." Huo ni mtego, na zamani ningeuingia. Pumzi ya kwikwi, moja leo na nyingine kesho, si kupumua. Ukiacha hapo anarudi alikotoka. Niliendelea mpaka mhudumu akapata 13 kwenye kitovu, na mtoto akaanza kuvuta mwenyewe, kwa mpangilio, kisha akakunja uso na kulia kilio cha mbuzi mdogo. Saa ya ukutani ilisema dakika 4 na ushee. Mimi ningeapa ni nusu saa.

Kondo la nyuma na mengine ya mama yalikwenda kama kawaida yake mikononi mwa mwenzangu. Mtoto tulimrudisha kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, akafunikwa mataulo ya dumu na kofia, tukawa tunamchungulia kila baada ya dakika 15, na kabla saa haijaisha alikuwa ananyonya. Ugomvi uliobaki ulikuwa na bibi, aliyetaka mtoto aogeshwe alfajiri ile apendeze. Nilimwambia hataoga mpaka siku ipite, akaniuliza kama mimi nimewahi kuzaa.

Asubuhi niliiosha ambu mwenyewe, nikavipanga vipande vyake juu ya kitambaa na kuvihesabu kwa sauti mbele ya wa zamu ya mchana, kile cha mdomo wa bata kikiwa cha kwanza. Siku hizi nimeitundika kwa kamba kwenye msumari juu ya meza ya mtoto, kwa kuwa vitu vya leba vina tabia ya kuazimwa.

Yule bibi nilimwona tena siku ya chanjo, mjukuu mgongoni, akiwa amezungukwa na akina mama wenzake kwenye benchi. Aliponiona akanisalimu "Kamwene, Dokta" kwa sauti ya kusikika na wote, kisha akawageukia na kuwaambia kwamba ndiye huyu aliyemchoma mtoto ile sindano.