Basi Utaziona Picha

Tangu Jumatano kuna kauli moja fupi imenikaa kichwani na haitaki kutoka. Nimesahihisha madaftari ya Kidato cha Pili nikiwa nayo, nimepika nikiwa nayo, na juzi, mume wangu aliporudi na barua ya uhamisho wa Dodoma na wifi akapiga simu usiku huohuo kusema amejifungua mapacha salama, nilishangilia pamoja na wenzangu huku moyoni nikiendelea kujibizana na mama wa maktaba ambaye hata jina lake silijui. Hakunitukana. Angenitukana, ningekuwa nimeshamsahau.

Mnaonifuata tangu muhula uanze mnajua vita vyangu na orodha ya usomaji ya somo la Jinsia na Elimu ya Sanaa. Mhadhiri wetu ni mwema na orodha yake ni nzuri, lakini kati ya yeye kuandika jina la makala na mimi kuisoma pana mabonde na milima. Akaunti za wanafunzi wa jioni hazifunguliwi mpaka ada ya awamu ya pili ionekane kwenye mfumo, na mfumo una siku zake. Kwa hiyo ukifungua jarida ukiwa nyumbani unapewa ikisiri, aya moja ya kukutamanisha, kisha kisanduku kinachodai dola kwa ruhusa ya saa 48, kiasi ambacho kwa shilingi kinapita laki moja kwa makala ya kurasa 15. Wenzetu wa afya walianza kupata majarida yao kupitia Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani, tangu mwaka 2002; sisi wa sanaa tunaombana PDF kwenye kundi la WhatsApp na kupanga foleni steshenari, ambako kijana wa fotokopi anaijua orodha yetu kuliko baadhi yetu.

Kichekesho ni kwamba makala ya kwanza kunigomea ilikuwa ile ya Linda Nochlin, mwanahistoria wa sanaa wa Marekani, ya mwaka 1971, inayouliza kwa nini hakujapata kuwa na wasanii wakubwa wanawake. Jibu lake, kwa ufupi, ni kwamba kilichokosekana si vipaji bali nafasi ya kuingia mahali sanaa ilipofundishwa. Anakumbusha kwamba hadi mwaka 1893 wanafunzi wa kike wa shule ya sanaa ya Royal Academy mjini London walikuwa hawaruhusiwi katika darasa la kuchora mtu aliye uchi, na mchoro wa mwili ndio uliokuwa msingi wa kazi zote zilizohesabiwa kuwa kubwa. Nami nilikuwa nimeketi jikoni, bando likikaribia kukata, nikisubiri kufunguliwa nisome habari za waliofungiwa. Hatimaye nilitumiwa na mwenzetu anayefundisha Morogoro. Makala nyingine nilimwomba mwandishi mwenyewe huko Marekani, akanitumia usiku uleule pamoja na salamu, na furaha yangu ya siku ile mliisoma hapahapa.

Kitabu ambacho hakikudai nywila wala dola ni cha Hans Cory, kilichochapishwa London mwaka 1956, kuhusu sanamu za udongo zilizotumika katika jando na unyago hapa Tanganyika. Cory alizaliwa Austria na akafanya kazi kama mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni. Mhadhiri alikiweka kwenye orodha ili tuache kidogo kuuliza nani alinyimwa shule ya sanaa, tuulize nani alifundisha kwa sanaa kabla ya shule kuwapo. Kipo maktaba, hakiazimwi, kinasomewa mezani. Unaacha mkoba mlangoni, unaingia na penseli, unajaza karatasi ya maombi na kumpa mama aliyeketi nyuma ya meza, mtu mzima wa miaka kama sitini, mwenye miwani iliyofungwa kamba na kanga mabegani kwa sababu ya kiyoyozi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu.” Aliisoma karatasi yangu, akaisoma tena, kisha akanitazama kwa juu ya miwani. “Wewe mtu wa wapi?”

“Machame, mama. Lakini nimeolewa Handeni, kwa Wazigua.”

“Umechezwa unyago?”

“Hapana, mama. Sisi tulipata kipaimara.”

“Basi utaziona picha.”

Akaingia ndani kukitoa kitabu. Ni hayo tu. Hakucheka, hakuguna, hakubetua midomo. Alisema kwa sauti ileile ya muuza duka anayekuarifu kwamba chenji hakuna. Nimeigeuza kauli ile kila upande. Alfajiri ninaposubiri daladala naisikia kama huruma, kana kwamba anasema maskini mtoto wa watu, hata hivyo si haba, picha zipo. Kufika kazini imekuwa kejeli. Mchana naamua kwamba mama wa watu alikuwa ananieleza tu kwamba kitabu kina picha, kama anavyowaeleza wengine kwamba kitabu fulani kina ramani. Usiku nikilala inakuwa hukumu. Na majibu yangu, ambayo pale mezani hayakunijia, sasa yanakuja kwa mafuriko: kwamba mimi ni mwalimu wa sanaa na udongo nimeushika tangu chuo cha ualimu, kwamba kitabu kimechapishwa na yeyote mwenye kitambulisho anaweza kukifungua, kwamba kama ni kuchezwa, mwandishi mwenyewe hakuwa mwali wa mtu. Hili la mwisho nimelirudia mara nyingi hata nikaanza kulipenda.

Lakini nilipokisoma nilikwama. Sanamu zimepangwa moja baada ya nyingine, na kila moja ina wimbo wake, mara nyingi mfupi, na funzo lake: jinsi ya kuishi na wakwe, usafi, uaminifu, heshima kwa wakubwa. Niliyanakili mafunzo yote kwa penseli na hakuna hata moja nisilolijua, kwa kuwa mchungaji wetu aliyasema yote bila udongo. Kisichokuwamo ni kile ambacho mwalimu wa sanaa angekitafuta kwanza: mwali anakishikaje kitu kile mkononi, anaoneshwa kwa muda gani, nani anacheka na nani anakatazwa kucheka, wimbo unaanza kabla ya sanamu kufunuliwa au baada. Nilikuwa mbele ya darasa la sanaa ambalo walimu wake ni wanawake, malighafi yake ni udongo wa mtoni na mtihani wake ni maisha ya ndoa, nami nimekaa na penseli nikinakili mhutasari wa somo. Nilirudisha kitabu, nikamshukuru yule mama, naye akajibu “karibu tena” kwa uchangamfu ambao ulinichanganya zaidi.

Picha chache niliruhusiwa kupiga kwa simu, na hapo ndipo Jumamosi mambo yalipogeuka. Mama mkwe alikuwa barazani, ametiwa dawa ya macho na anasubiri dakika zipite ndipo atiwe nyingine. Jicho lililofanyiwa upasuaji linaona sasa kuliko langu. Siku hizi anasoma namba za daladala kabla yangu na kuzitangaza. Nilimwonesha sanamu moja tu, ndogo, yenye madoadoa meupe. Aliishika simu, akaisogeza karibu na uso, akanyamaza kwa muda nikadhani nimemkosea adabu. Kisha akacheka mpaka kanga ikamteleza kichwani.

“Nani kamwambia mzungu haya?”

“Hakutaja, mama. Nikusomee alivyoeleza?”

Nilimsomea lile funzo, nikilitafsiri kadiri nilivyoweza. Alisikiliza kwa makini, akitikisa kichwa kama mtu anayesahihisha mtihani, na nilipomaliza akasema, “Hapa wamemdanganya.”

“Wapi, mama?”

“Hapohapo.”

“Kwani ukweli wake ni upi?”

“Mkwe, hebu niletee maji ya kunywa.”

Niliporudi na bilauri alikuwa anaimba kwa pua, lakini mwanawe akaingia getini na wimbo ukageuka kuwa “Karibu, baba, za kutwa?” Sijapata neno jingine kutoka kwake hadi sasa, na kila nikimkumbusha anauliza kama maharage nimeyachambua.

Sijui niwaelezeje furaha niliyoipata. Mtu aliyeandika kitabu kizima, kikachapishwa London na kuwekwa kabatini chini ya ulinzi, huenda naye aliziona picha tu! Sasa nikimsikia yule mama wa maktaba namsikia akizungumza kwa niaba ya kundi kubwa, na mimi na Cory tumo sehemu moja. Bado sina hakika kwamba alikusudia hivyo. Nikienda kusoma sura zilizobaki nina nia ya kumsalimia vizuri na kumuuliza yeye alichezwa wapi, ingawa najua nitafika pale na nitajaza karatasi kimya.

Lililobaki ni semina ya Alhamisi. Nilikuwa nimejiandaa kuzungumza juu ya msanii wa Kenya, Rosemary Karuga, aliyesoma Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1950 katika shule ya sanaa ambayo mwanzilishi wake ni mwanamke, Margaret Trowell, akaishia kufundisha miaka mingi, na akaja kujulikana uzeeni kwa picha alizozitunga kwa vipande vya karatasi za sabuni na pakiti za unga. Wanafunzi wangu wanaelewa habari hiyo bila kufafanuliwa, maana nasi rangi zilikwisha mwezi wa pili. Ni mada salama. Lakini sasa natamani kulisema hili la Cory, na kundi la WhatsApp linadai kurasa, hasa mwenyekiti wetu, ambaye utani wake mnaujua na ambaye ninaweza kuwaandikia tangu leo atakachosema akiona zile sanamu. Utangulizi nimewatumia. Picha nimewaambia wakazione maktaba, nikijua kabisa kwamba wanaofanya kazi mchana hawafiki kabla haijafungwa. Mwenyekiti ameniuliza mbele ya wote tangu lini nimekuwa mchapishaji, na sikuwa na jibu la kumpa.

Zaidi ya hayo yote, jicho la pili la mama limepangiwa tarehe ileile ambayo mume wangu anatakiwa kuripoti Dodoma, na mimi siku hiyo nasimamia mtihani wa vitendo wa Kidato cha Nne. Hospitali wanasema tukiahirisha tunarudi mwisho wa foleni. Wifi ndiye angekuja, lakini ana mapacha wa siku tatu.