Uzoefu wangu: kutoka kidato cha sita Kigoma hadi darasa la Kichina Zhengzhou

Ushauri ulioniudhi kuliko wote ni huu: "Kichina kiandike kwa Kiswahili chako tu, ni hau, shesheni, utazoea." Usithubutu. Ukiandika kwa tahajia yetu, q na ch za pinyin, yaani Kichina kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini, zinageuka kitu kimoja, zh na j vilevile, na toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, zinapotea zote. Ukishakariri maneno mia tatu kwa mtindo huo itabidi uyafumue yote uanze upya, na tarehe ya mtihani haikusubiri.

Ufadhili nilioupata ni wa mwaka mmoja wa lugha, ule unaopitia Taasisi ya Confucius, taasisi ya China ya kufundisha Kichina. Huku kwetu taasisi hizo ziko Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tangazo nililoombea lilitaka mtu wa miaka 16 hadi 35, mwenye HSK, mtihani wa Kichina kwa wageni, daraja la tatu kwa alama 210 kati ya 300. Hapo ndipo wengi hukwama. Wanasikia alama ya kufaulu ni 180, wanapata 190, wanashangilia, kisha maombi yanakataliwa. Cheti unacho, ufadhili huna. Lenga 230 ili siku ya mtihani ukiteleza kidogo bado uwe salama.

Daraja la tatu ni maneno 600 na maswali 80: kusikiliza 40, kusoma 30, kuandika 10, na kila sehemu ina alama 100. Piga hesabu hapo. Maswali kumi ya kuandika yanabeba alama sawa na arobaini ya kusikiliza! Matano ya kwanza unapanga maneno yaliyovurugwa yawe sentensi, matano ya mwisho unapewa pinyin unaandika herufi ya Kichina inayokosekana. Katika kupanga sentensi, shika jambo moja: wakati na mahali vinakaa kabla ya kitenzi. Sisi tunasema "nilikula nyumbani jana". Mchina anaanza na mtu, anataja jana, anataja nyumbani, ndipo anakula. Hakuna ngeli, kitenzi hakibadiliki umbo, kwa hiyo mpangilio ndio sarufi yenyewe.

Sasa toni, na hapa watu wa Kigoma tuna mali ambayo hatuitumii. Kiswahili hakina toni. Kina mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mdomo wa Mswahili huupeleka mkazo huo hata kwenye Kichina, ndiyo maana neno la silabi mbili hutoka limepanda mwanzoni na kuanguka mwishoni, liwe la toni gani. Lakini Kiha ni lugha ya toni. Kama umelelewa na bibi wa Kasulu au Buhigwe, sikio lako lilishafunzwa zamani kwamba kupanda na kushuka kwa sauti hubeba maana. Nilichofanya ni kufumba mdomo na kuvuma. Bibi anasema sentensi ya Kiha, mimi naivuma bila maneno, mm-mm-mm, mpaka wimbo wake ulingane. Kisha nahamia kwenye sauti za Kichina zilizo kwenye simu kwa njia ileile: sikiliza, vuma, halafu ndipo utamke. Ukirukia maneno kabla ya kuvuma, mkazo wa Kiswahili unaingia mlango wa nyuma.

Kichina kina toni nne: ya kwanza inakaa juu, ya pili inapanda, ya nne inaanguka. Toni ya tatu vitabu vingi huichora kama bonde, inashuka kisha inapanda, na wanafunzi wanahangaika kuipandisha kila mahali. Ndani ya sentensi mara nyingi haipandi. Inakaa chini tu. Kupanda kunasikika ikiwa peke yake au mwisho wa kauli. Na zikifuatana mbili, ya kwanza inageuka kuwa ya pili: nǐ hǎo (hujambo) hutamkwa ní hǎo. Nayo bù (si) ikitangulia toni ya nne inakuwa bú. Hayo mawili yakikukaa, kusikiliza kunakuwa kwepesi, hasa kwa kuwa daraja la tatu kila swali la kusikiliza husomwa mara mbili. Daraja la nne ni mara moja tu.

Kitu kingine ni pumzi. Herufi b ya pinyin siyo b ya "baba" inayonguruma kooni. Ni p isiyotoa pumzi, na p ya pinyin ni hiyohiyo ikiwa na pumzi nyingi. Njia ya kujipima: washa mshumaa, uweke kama shubiri moja kutoka mdomoni, funga dirisha kwa sababu upepo wa ziwa utakudanganya. Sema pa, mwali ulale. Sema ba, mwali usimame wima. Weka na kidole kooni: kwenye ba yenyewe konsonanti haitakiwi kutetema, mtetemo uanze kwenye a. Ukiweza hiyo, fanya vivyo hivyo kwa d na t, g na k, j na q, zh na ch, z na c. Jozi sita, mshumaa mmoja. Sauti ya ü nayo: sema "i" huku midomo imekaa kama ya "u". Baada ya j, q, x na y nukta mbili haziandikwi, sauti inabaki palepale.

Herufi niliziandika kwenye daftari la hesabu lenye miraba, herufi moja miraba minne. Juu kwanza kisha chini, kushoto kisha kulia, na zenye boma kama 国 unaanza boma, unajaza ndani, mstari wa kufunga chini unakuja mwisho. Jifunze kwa ukoo: 河, 湖 na 海, mto, ziwa na bahari, zote zina matone matatu ya maji ubavuni. Sauti za mazoezi nilizipakua kwa bando la usiku na kuziweka kwenye memori kadi.

Mtihani unajiandikisha kwenye chinesetest.cn, mapema, kwa sababu dirisha hufungwa wiki kadhaa kabla. Uliza kama ni wa karatasi au wa kompyuta: kwenye kompyuta herufi unaandika kwa pinyin na kuchagua, nafuu kubwa. Kwenda kwenye mtihani kutoka Kigoma, treni ya reli ya kati inakushusha Dodoma. Fika angalau siku moja kabla, treni ikichelewa mtihani haurudiwi kwa ajili yako.

Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai na Wachina wanafungua Septemba, kwa hiyo tuma cheti cha kidato cha nne pamoja na barua ya mkuu wa shule kwa Kiingereza, yenye mhuri. Iombe kabla ya likizo. Chini ya miaka 18 utahitaji pia mlezi aliyeko China. Pasipoti ni 150,000. Nauli ya ndege haimo kwenye ufadhili, ndugu walichanga, milioni mbili na kitu. Wakala akikudai hela ya "kukuingiza kwenye mfumo", ondoka. Maombi unajaza mwenyewe.

Fomu ya afya ambayo China hudai kwa wageni ndiyo inayorudishwa sana. Picha ya kifua, kipimo cha moyo, damu, na mhuri wa hospitali ukalie nusu picha yako nusu karatasi. Nafasi ikiachwa wazi, fomu ni batili. Inadumu miezi sita, usiiwahishe. Beba filamu ya kifua na majibu yote halisi, maana bila hayo utapimwa tena kule kwa hela yako.

Gmail na WhatsApp hazifunguki China bila njia za kuzunguka, kwa hiyo fungua WeChat, programu ya ujumbe ya Wachina, ukiwa nyumbani na umfungulie na mama, kwa sababu akaunti mpya mara nyingi inahitaji mtumiaji wa zamani aithibitishe. Umeme ni volti 220, karibu sawa na wetu wa 230, tundu tu ndilo tofauti: nunua adapta.

Viza ya X1, ya wanafunzi wa muda mrefu, inakupa siku 30 baada ya kuingia ubadilishe kuwa kibali cha ukaazi, yuan 400 kwa mwaka. Posho ni yuan 2,500 kwa mwezi, lakini ya kwanza inaweza kuchelewa, nenda na dola za kula mwezi mzima. Pale Zhengzhou sokoni wanaongea Kihenan, lahaja ya jimbo la Henan, toni zake si za darasani, usishtuke ukadhani hujui kitu. Shule hukupa jaribio la kukupanga darasa. Ukiwekwa chini ya uwezo wako, omba kuhamishwa wiki ya kwanza, kabla vitabu havijagawiwa.